Mtoto mchanga anayeharisha na kutapika: andaa mizani kabla ya dripu

Kabla mtoto hajafika wodini, cha kwanza kuwa tayari ni mizani. Maji yote atakayopewa yanahesabiwa kwa kilo zake, na kilo za kukisia kwa macho huvuruga hesabu nzima. Iweke mahali tambarare, isome sifuri, kisha mtoto apimwe bila nguo wala nepi. Huo ndio uzito mtakaoulinganisha na wa baadaye. Kumbuka kwamba karibu robo tatu ya mwili wa mtoto aliyezaliwa majuzi ni maji, na figo zake bado changa, hivyo hukauka upesi kuliko mtu mzima.

Nepi nazo pima zikiwa kavu. Iliyokuwa gramu 20 ikirudi na gramu 65, zimetoka mililita 45, maana gramu moja huhesabiwa mililita moja. Kinyesi cha majimaji kikichanganyika na mkojo, andika "mchanganyiko". Kukisia kila kimoja kilikuwa kiasi gani ni kujidanganya.

Halafu ORS, yaani unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ili kurudisha maji mwilini. Soma kwenye pakiti inahitaji maji kiasi gani, kwa sababu pakiti hazilingani. Andaa maji salama na chombo chenye alama za vipimo. Wapo wanaopunguza maji wakidhani dawa itakuwa na nguvu zaidi. Kinachoongezeka ni chumvi kwenye damu, na mtoto anaweza kupata degedege. Usiongeze sukari wala juisi. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe.

Mtoto aliyepungukiwa maji kiasi, yaani ana kiu, hatulii, macho yamedidimia, na ngozi ya tumbo ikibanwa inarudi polepole, hupewa mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4. Mwenye kilo 6 atahitaji mililita 450. Mpe kwa kijiko, kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika 10, uendelee taratibu zaidi. Kazi hii inachosha, kwa hiyo mpangieni mama mtu wa kumpokea, na awe na kiti, maji ya kunywa na chakula, kwani kunyonyesha hakusimamishwi.

Kanula ndogo (mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa) na dripu yenye chemba ya kupimia ziwe karibu kwa ajili ya mtoto aliyelegea au asiyeweza kunywa. Aliye chini ya mwaka mmoja hupata mililita 30 kwa kilo katika saa ya kwanza, kisha 70 kwa kilo katika saa 5 zinazofuata. Mwenye utapiamlo mkali asiingizwe kwenye hesabu hii: ana utaratibu wake, kwa kuwa moyo wake unaweza kuelemewa na maji ya haraka, na ngozi yake hurudi polepole hata kama hajakauka.

Namba ya daktari wa upasuaji ibandikwe ukutani. Matapishi ya kijani, tumbo lililovimba, au kinyesi chenye damu na ute kwa mtoto anayelia kwa vipindi akikunja miguu, vinaweza kuwa utumbo ulioziba. Hapo usimpe mtoto kitu mdomoni, mpigie daktari huyo.

Zinki mama aondoke nayo mkononi: miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi 6, miligramu 20 kwa aliyeizidi, kwa siku 10 hadi 14, hata kuharisha kukikoma mapema.