Ukitaka rivolva nyepesi, anza na mkono wako

Mpwa wangu anauza simu mjini Arua. Siku aliyopata leseni ya silaha alinipigia usiku, furaha imemjaa: "Mjomba, nimeonyeshwa rivolva moja nyepesi, ukiitia mfukoni unasahau kama ipo." Nikamjibu kwamba bastola si kitu cha kusahau mfukoni, na asitoe hata shilingi moja mpaka nifike. Nilifanya kazi katika ghala la silaha la polisi mpaka nikastaafu. Sasa nalima maharage Bombo, lakini watu hawajaacha kuniita afande, wala kuniuliza maswali.

Karatasi kwanza. Hapa Uganda huanzii dukani. Unaanzia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anayekujua, unapanda hadi kwa DPC, kamanda wa polisi wa wilaya, faili linakwenda juu mpaka makao makuu ya polisi Naguru, na leseni yenyewe unaihuisha kila mwaka. Anayekuahidi "ya haraka" bila karatasi anakuuzia kifungo.

Kabla hujaipenda bastola, muulize muuzaji mwenye kibali ana risasi gani. Rivolva nyingi ndogo zinakula .38 Special, risasi iliyoanza mwaka 1898 na bado inafanya kazi. Lakini bastola nyingi za hapa kwetu ni za magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, za milimita 9, na risasi zake ndizo rahisi kupata. Zipo pia rivolva za milimita 9, mfano moja ya Ruger LCR, ila kwa kuwa ganda la risasi hiyo halina ukingo uliotokeza, risasi zake hushikwa kwa pamoja na kipande chembamba cha chuma mfano wa ua. Kipande kikipinda kidogo tu, silinda, ile ngoma inayobeba risasi, inazunguka kwa shida. Ukichagua hiyo, usikitie mfukoni kikiwa wazi pamoja na funguo.

Sasa uzito, na hapa ndipo nilipogombana na mpwa wangu. Smith & Wesson 36 ya chuma, ile iliyoanza mwaka 1950, ina gramu kama 550. Ndugu yake 642, yenye kiunzi, yaani mwili wa bastola, cha alumini, iko kwenye 400 na ushee. Ruger LCR ya .38 haifiki 400. Halafu kuna 340PD, ambayo kiunzi chake ni alumini iliyochanganywa na skandiamu na silinda ni ya titani: gramu 335 hivi, na inakubali risasi kali ya .357 Magnum. Zote nne zinabeba risasi tano. Aliyoonyeshwa kijana ilikuwa ya jamii hiyo ya mwisho.

Tukaenda uwanja wa shabaha na mkufunzi, tukaomba kujaribu. Nikamwekea .357. Risasi ya kwanza ilipita juu ya karatasi kabisa. Ya pili ikagonga pembeni. Baada ya ya tatu akaibadilisha mkono, akautikisa ule wa kulia kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Pale kati ya gumba na shahada palikuwa pekundu. "Bado mbili," nikamwambia. Akasema basi, inatosha. Mtu aliyechoka kwa risasi tatu hatarudi uwanjani mwezi ujao, na asiyerudi uwanjani anatembea na chuma tu. Wepesi ule ule unaoupenda mfukoni ndio unaokupiga teke mkononi: bastola ikipungua uzito, nguvu ya risasi inabaki pale pale.

Kuna ubaya mwingine wa bastola nyepesi mno ambao wauzaji hawautaji. Teke linaivuta bastola nyuma kwa ghafla, ganda linakwenda nayo, lakini kichwa cha risasi iliyobaki kwenye silinda kinataka kukaa kilipokuwa. Polepole kinachomoka. Kikitokeza mbele ya silinda kinakwama kwenye kiunzi, na rivolva inayosifiwa kwamba haikwami inakwama kweli kweli. Siku ile nilipiga nne, nikatoa ya tano, nikaisimamisha mezani kando ya risasi mpya kutoka kwenye boksi. Ilikuwa imerefuka, unaona kwa macho. Fanya jaribio hilo kwa kila aina ya risasi unayokusudia kubeba. Ikirefuka, tafuta aina nyingine.

Kisha tukajaribu ya alumini kwa .38 ya kawaida. Ilimpiga teke, lakini la kuvumilika. Zote tano zikaingia kwenye karatasi kwa mita 5. Usijidanganye na mita 25. Mtutu wa milimita 47 au 48 na kilengeo kidogo kama punje ya mchele ni mambo ya karibu.

Angalia mpini. Ule mdogo wa mbao unapendeza na unafichika, lakini kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Wa mpira ni mnene na unapunguza teke, ila unang'ang'ania kitambaa cha mfuko wakati wa kuitoa. Mimi hupendelea mpira unaofika kidole cha mwisho, halafu nashona mfuko mpana zaidi. Fundi cherehani ni bei ndogo kuliko mkono mbovu.

Nyundo, kile kipande cha nyuma kinachoangukia risasi, ikitokeza nje ina pembe inayonasa nguo. Kwa bastola ya mfukoni chukua ile ambayo nyundo imefichwa ndani ya kiunzi. Utavuta traiga, yaani kifyatulio, nzito kila mara, kama kilo 5 hivi, na uzito huo ni sehemu ya usalama wako. Jizoeze nyumbani kwa risasi bandia, huku za kweli zikiwa chumba kingine, mpaka kilengeo kisitikisike unapovuta. Rivolva za zamani sana hazina kizuizi cha nyundo. Ikianguka inaweza kufyatuka yenyewe. Hizo waachie makumbusho.

Ukipewa iliyotumika, fungua silinda, hakikisha ni tupu, hakikisha tena. Ifunge, vuta traiga taratibu sana: silinda lazima ijifunge mahali pake kabla nyundo haijaanguka, kwa kila tundu, si moja tu. Shikilia traiga nyuma, jaribu kuitikisa silinda. Kucheza kidogo ni kawaida, kuyumba si kawaida. Kwenye kiunzi cha alumini ifungue silinda tena, chukua tochi umulike chini ya mtutu, pale unapoingia kwenye kiunzi. Ufa hukaa hapo, mwembamba kama unywele. Nimewahi kumrudishia mtu bastola iliyong'aa kama mpya kwa sababu ya ufa huo, akaninunia wiki nzima.

Kubeba kuna adabu yake. Mfukoni lazima iwe ndani ya ala inayofunika traiga, na mfuko huo usiwe na kitu kingine: si sarafu, si funguo, si pipi. Mimi mwenyewe niliwahi kukuta shilingi 500 imejibana nyuma ya traiga, na sijui ilikaa humo siku ngapi. Kwenye bodaboda mfuko wa suruali unalala na bastola inateleza. Mfuko wa mbele wa ndani ya koti ni bora. Kina mama wanaovaa gomesi huniuliza kuhusu mkoba. Sipendi mkoba, kwa sababu mnyang'anyi wa Kampala anaanza na mkoba.

Jasho nalo ni adui. Alumini haishiki kutu, lakini skrubu zinashika, na mtutu wa chuma pia kama si wa ile isiyoshika kutu. Ifute kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na mswaki wa zamani uondoe pamba ya mfuko.

Mpwa wangu alichukua ya alumini, ya .38, nyundo ndani. Juzi alinipigia tena. Alikuwa amefika mlangoni pa supamaketi, askari mwenye kile kifaa cha kupekulia akamkaribia, yeye akaingiza mkono mfukoni ili aonyeshe. Nilimpigia kelele hata mama yake akatoka jikoni. Mikono inakaa wazi, unamwambia askari kwa sauti ya chini una nini na leseni iko mfuko gani, unangoja akuelekeze. Wakikataa isiingie, hata wewe usiingie. Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, yangu hubaki nyumbani ndani ya sefu, risasi kwenye kasha lake, na ufunguo ninao mimi.