Kuukaribia Msafara Usiku Bila Kuonekana katika Silent Hunter III

Somo hili linahusu nyambizi ya Kijerumani ya Aina ya VIIC katika mchezo wa kompyuta wa Vita vya Pili vya Dunia uliotolewa mwaka 2005, na hasa lile kosa la kudhani kwamba giza peke yake linatosha kukuficha unapoukaribia msafara wa meli za adui.

Hatua ya kwanza: chagua upande ungali mbali. Tazama mwezi ulipo, kisha uzunguke mpaka msafara uwe kati yako na mwanga huo, ili meli zionekane kama vivuli vyeusi juu ya maji yanayong'aa, nawe ubaki upande wenye giza.

Hatua ya pili ndiyo roho ya somo: mwelekezee mlinzi, yaani manowari inayoulinda msafara, omo au tezi, kamwe si ubavu. Nyambizi hii ina urefu wa mita 67 na upana wa mita 6 tu, kwa hiyo anayeitazama kwa mbele huona mnara mwembamba, ilhali anayeitazama kwa ubavu huona chombo kizima. Mlinzi akihama, geuza usukani kidogo kidogo ukimfuata. Mimi mwenyewe niliwahi kurusha torpedo mbili, nikageuka kwa pupa kukimbia, nikawaonyesha ubavu wote; papo hapo kombora la mwanga likapasuka juu ya kichwa changu.

Hatua ya tatu: punguza mwendo ukifika karibu. Injini zinaweza kukupeleka maili 17 za baharini kwa saa, lakini mwendo huo huacha povu jeupe nyuma yako, na mchezo wenyewe huhesabu kasi yako unapoamua kama umeonekana.

Swali: Ndugu mwalimu, kwa nini nisizame tu?

Jibu: Ukizama, mwendo wako hauzidi maili 7 na nusu, na msafara utakuacha. Isitoshe, asdiki, chombo cha kusaka nyambizi kwa mwangwi wa sauti majini, ilikuwa dhaifu dhidi ya nyambizi iliyo juu ya maji, na ndiyo maana Otto Kretschmer, nahodha wa nyambizi wa Kijerumani, alipenda kupenya usiku hadi katikati ya safu za meli.

Swali: Nimefuata yote, lakini mwaka 1943 wananiona hata gizani totoro. Nakosea wapi?

Jibu: Hukosei, ndugu yangu, hiyo ni rada. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Machi 1941, manowari Vanoc ya Uingereza iliigundua nyambizi U-100 ya nahodha Mjerumani Joachim Schepke kwa rada ikiwa juu ya maji, ikaigonga na kuizamisha. Katika miaka ya mwisho ya vita, tangulia mbele ya msafara, uzame mapema, uungoje ukujie.