Mzunguko wa milisekunde 1 kwa Ada kwenye Linux ya mezani

Unataka programu ya Ada, lugha ya kuandikia programu, ifanye kazi yake kila milisekunde 1 bila kuchelewa. Kiambatisho D cha kiwango cha Ada (ISO/IEC 8652) kinaahidi kwamba tasiki (kazi inayokwenda sambamba na nyingine ndani ya programu) yenye kipaumbele cha juu itatangulia. Lakini anayegawa prosesa ni kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, na kerneli ya mezani imetengenezwa kwa ajili ya kivinjari na muziki. Hatua hizi ni za Debian, aina mojawapo ya Linux, na GNAT, kikusanyaji (compiler) cha Ada. Windows iache: usingizi wa programu huko, kwa kawaida, hufuata mdundo wa milisekunde 15.6, na hata ukiushusha hadi 1 hakuna anayekudhaminia.

1. Kerneli. PREEMPT_RT, sehemu inayoifanya kerneli iheshimu muda, iliingia kwenye Linux rasmi toleo la 6.12, mwaka 2024. Sakinisha `linux-image-rt-amd64`, washa mashine upya, hakikisha `uname -v` inataja PREEMPT_RT.

2. Mzunguko.

```
Ijayo := Clock;
loop
   Soma_Kihisi;
   Ijayo := Ijayo + Milliseconds (1);
   delay until Ijayo;
end loop;
```

Usiandike `delay 0.001`. Hiyo huhesabu kuanzia kazi inapoisha, kwa hiyo ratiba inasogea kila mzunguko.

3. Kipaumbele. Hapa ndipo siku inapoishia. Umeandika `Priority => 80`, programu imekubali, inakwenda, hakuna kosa lolote. Ila kipaumbele hakifanyi kazi: kerneli imemkatalia GNAT kwa kukosa ruhusa, naye akanyamaza. Mambo matatu lazima yakae sawa kwa pamoja.

Kwanza, weka `pragma Task_Dispatching_Policy (FIFO_Within_Priorities);` ndani ya `gnat.adc`. Ukijenga kwa gprbuild, zana ya kujengea miradi ya GNAT, faili hilo halisomwi lenyewe. Litaje kwenye faili la mradi kwa `Global_Configuration_Pragmas`, ndani ya `package Builder`.

Pili, ruhusa. Kwenye `/etc/security/limits.d/rt.conf` andika:

```
@realtime - rtprio 98
@realtime - memlock unlimited
```

Unda kundi la `realtime`, jiunge nalo, kisha toka kwenye akaunti na uingie upya. Kufungua terminali nyingine hakutoshi. Wengine hupenda `setcap`, amri inayobandika ruhusa kwenye faili la programu lenyewe. Mimi siipendi, kwa sababu kila ukijenga upya faili la programu, ruhusa inapotea, na unarudi kwenye ukimya uleule.

Tatu, hakikisha kwa macho, programu ikiwa inakwenda:

`ps -eLo tid,cls,rtprio,comm`

Unatafuta FF (ratiba ya FIFO) na 81. Ni 81, si 80, kwa kuwa GNAT huongeza moja. Ukiona TS (ratiba ya kawaida) na kistari, bado hujapata kitu.

4. Kumbukumbu. Ita `mlockall (3)`, inayozuia kumbukumbu ya programu kuhamishiwa diski, kupitia `pragma Import`. Ikirudisha -1, simamisha programu.

5. Kipimo. Pima ucheleweshaji wa kuamka kwa `sudo cyclictest -m -p 80 -i 1000 -D 1h`, huku programu ya stress-ng ikiichosha mashine. Angalia Max tu, yaani ucheleweshaji mkubwa kuliko wote; wastani haukusaidii. Halafu jihadhari: cyclictest hufungua `/dev/cpu_dma_latency` na kuandika sifuri, hivyo prosesa hailali usingizi mzito. Programu yako haifanyi hivyo, ndiyo maana inachelewa wakati kipimo kimetoka safi. Fungua faili hilo kwa root, andika sifuri ya baiti 4, na usilifunge. Ukilifunga, ombi linafutika.

Max ikiendelea kuruka hata mashine ikiwa haina kazi, endesha `hwlatdetect`, inayotafuta ucheleweshaji unaotoka kwenye maunzi. Ikikamata kitu, mwizi wa muda yuko chini ya kerneli, kwa kawaida BIOS. Jaribu kuzima uigaji wa kibodi ya USB humo. Ikishindikana, tafuta ubao mama mwingine.