Kurudi baharini baada ya chombo kupinduka: namna ya kuufundisha ubongo upya

Nafanya ushauri nasaha hapa Tanga, na mwongozo huu nimeuandika baada ya kuwa pamoja na mvuvi mmoja wa Sahare ambaye ngalawa yao ilipinduka wakati wa kusi. Wote waliokolewa wazima, lakini yeye kila akikanyaga mchanga moyo unaenda mbio na miguu inakataa. Kama hofu yako ni ya barabara baada ya ajali ya bodaboda, ngazi ni zile zile, badilisha mahali tu.

Jambo moja lieleweke kabla ya kuanza: kumbukumbu ya hofu haifutiki. Unachofanya ni kuujengea ubongo kumbukumbu mpya pembeni ya ile ya zamani, kisha unairudia mpaka ipate nguvu. Ivan Pavlov aliliona hilo kwa mbwa wake huko Urusi: mwitikio wao wa kudondosha mate wakisikia ishara ya chakula, uliokwisha kuzimika, ulirudi wenyewe baada ya mapumziko. Na ubongo wa mtu mzima hubadilika kweli. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walichapisha vipimo vya madereva teksi wa London, ambao hulazimika kukariri maelfu ya mitaa (haina namba kama barabara zetu za Ngamiani). Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayotunza ramani za mahali, ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Utafiti wa 2011 ukawafuata wanafunzi wa udereva huo tangu mwanzo, na sehemu hiyo ilikua kwa waliofaulu. Kumwambia mtu "jikaze, wewe mwanamume" hakuupi ubongo kitu chochote cha kujifunza. Mimi kauli hiyo siitumii na naomba nawe usiitumie.

Hatua ya 1: Usingizi na miguu

Lala vya kutosha, maana unachojifunza mchana ubongo hukiimarisha usiku. Tembea. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa 2011, wazee waliotembea dakika 40 mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima, hipokampasi yao iliongezeka kwa takriban asilimia 2. Njia ya Raskazone jioni inatosha.

Hatua ya 2: Itaje hofu

Chukua daftari na kalamu. Simu siipendi kwa kazi hii, utafungua ujumbe mwingine na hofu utaiacha njiani. Andika unachoogopa hasa. Yule kijana alianza na "sina hamu ya kuvua". Tukakaa nayo, akaandika "naogopa maji yatanifunika usoni tena". Sentensi ya pili ndiyo ya kufanyia kazi. Matthew Lieberman na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba mtu akiipa hisia jina lake, amigdala, kengele ya hatari ya ubongo, hupunguza makelele. Pembeni ya kila hofu weka namba, 0 mpaka 10.

Hatua ya 3: Panda ngazi

Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa hiyo soma taratibu.

Panga mambo unayoyaogopa kuanzia jepesi. Ngazi ya yule kijana ilikuwa hivi: kukaa pwani na kutazama vyombo, kushona nyavu pamoja na wenzake, kusimama kwenye maji ya magoti wakati wa kupwa, kukaa ndani ya ngalawa iliyotia nanga, kuzunguka ndani ya ghuba mpaka karibu na kisiwa cha Toten, mwisho, kutoka nje kuvua.

Mwenye hofu achague mwenyewe lini anapanda. Usimsukume na usimshtukize, hata kwa nia njema. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier waliandika kuhusu mbwa waliopigwa shoti ambazo hawakuweza kuzizuia: baadaye wengi walilala tu hata njia ya kutoka ilipokuwa wazi. Karibu miaka 50 baadaye, kwa ushahidi wa ndani ya ubongo, wawili hao waligeuza maelezo yao. Kukata tamaa ndiko kunakokuja kwenyewe, na kinachofundishwa ni kujua kwamba jambo liko mikononi mwako. Somo hilo hupitia sehemu ya mbele ya ubongo, nayo ndiyo inayotuliza zile za ndani. Ukimbeba mtu na kumtia ngalawani kwa nguvu, umemnyima somo hilo.

Kabla ya kila zoezi andika unachotarajia kitatokea. "Nikikaa humo nitazimia." Ukimaliza, andika kilichotokea. Ubongo hujifunza zaidi pale ulichotarajia kinapokosea, kwa hiyo usiiruke sehemu hii hata ukiona ni ya kitoto.

Usiondoke hofu ikiwa imepanda. Ukiruka ufukweni ikiwa 9, unafuu unaoupata unaufundisha ubongo kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Kaa. Itashuka yenyewe. Isiposhuka sana, bado umekaa nayo na ulichokitabiri hakikutokea.

Angalia magongo, yaani vitu unavyoviegemea ili usiikabili hofu. Kijana wetu alikuwa anakaa ngalawani akiwa amekumbatia mlingoti kwa mikono miwili, macho yamefumbwa, halafu anasema hajaona faida ya zoezi. Ubongo wake ulikuwa unaushukuru mlingoti. Achia mkono mmoja, kisha wa pili, fumbua macho. Lakini jaketi la kuokolea maisha si gongo! Livae siku zote. Dua ya safari nayo endelea nayo. Na kama Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, hakuna zoezi siku hiyo, maana hiyo ni hatari ya kweli.

Badilisha mazingira. Somo la utulivu hushikamana na mahali lilipopatikana kuliko hofu inavyofanya. Aliyetulia Sahare asubuhi, upepo umelala, anaweza kutetemeka jioni kwenye ufukwe mwingine wa Tanga, Deep Sea. Rudia ngazi ile ile kwa chombo kingine, saa nyingine, nahodha mwingine, mara na mwenzako pembeni, mara bila yeye.

Hatua ya 4: Mtu wa kukusikiliza

Mmoja anatosha, mradi anajua kunyamaza. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa benchini na wenye msongo, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa nao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Hilo halichukui nafasi ya hospitali. Ukiona usingizi umekatika wiki kwa wiki, ajali inajirudia mbele ya macho mchana, pombe imeongezeka, au unawaza kujidhuru, simamisha ngazi uende kituo cha afya, nao watakuelekeza hospitali ya rufaa ya Bombo ikibidi.

Baada ya kurudi kazini

Hofu itabisha hodi tena, hasa baada ya kukaa bara muda mrefu upepo ukiwa mkali. Ikija, shuka ngazi moja tu. Siku ya kwanza zunguka ndani ya ghuba, andika namba yako daftarini, na kesho yake utoke na wenzako.