Kufunga konekta ya BNC ya kubana kwenye waya wa RG-58

Fundi aliyenifundisha kazi hii alikuwa na swali moja kila nilipoinua kisu: "Ringi iko wapi, kijana?" Ringi ni kijibomba cha chuma kinachobana waya kwenye konekta, na mara nyingi ilikuwa bado mezani. Ringi ikisahaulika, unakuja kuikumbuka kichwa cha konekta kikiwa tayari kimesukumwa na pini imenasa ndani, na hapo hakuna dawa ila kukata na kuanza upya kwa pini nyingine.

BNC ni konekta ya kuunganishia waya wa antena, redio au kamera. Hii ya kubana ina vipande vitatu: kichwa, pini na ringi. Hakikisha imetengenezewa waya ulio nao. RG-58 ni waya wa koaksia: kondakta katikati, plastiki juu yake, kisha wavu wa nyuzi za chuma, na ganda la nje. Ni wa omu 50, wenye unene wa milimita 5 hivi. RG-59, unaotumika sana kwenye kamera, ni wa omu 75 na unakaribia milimita 6. Koleo nalo liwe la kubanisha konekta, lile lisilofunguka mpaka limalize kubana. Plaizi ya kawaida huilaza ringi ikawa bapa, na waya utachomoka siku yoyote.

Hatua ya 1. Vesha ringi kwenye waya, isukume mbali na ncha.

Hatua ya 2. Menya. Vipimo hutofautiana kati ya konekta na konekta, kwa hiyo fuata mchoro uliokuja nayo. Kama hakuna mchoro, laza pini na kichwa kando ya waya upime kwa macho. Ganda la nje usilikate mpaka chini: lizungushie kisu kidogo tu, kisha kunja waya hapo, litapasuka lenyewe bila kugusa wavu. Panua wavu nyuma kama ua, halafu menya plastiki nyeupe ya ndani ili kondakta ya kati itokeze.

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Kondakta ya RG-58 C/U, aina mojawapo ya RG-58, ina nyuzi 19, kila moja nyembamba mno. Kisu kikikata tatu nne, pini italegea baadaye. Na unywele mmoja wa wavu ukilala juu ya ile plastiki nyeupe hadi ukagusa pini, una shoti ambayo hutaiona tena ukishafunika. Ninageuza waya kwenye mwanga, napitisha kidole kuzunguka plastiki, ndipo naendelea.

Hatua ya 3. Sokota nyuzi kidogo, ziingize kwenye pini mpaka kitako chake kiguse plastiki. Pini nyingi huwa na kitundu ubavuni. Nyuzi zionekane humo. Bana kwa tundu dogo la koleo, kwa kawaida milimita 1.7.

Hatua ya 4. Sukuma kichwa ili kijibomba chake cha nyuma kipite chini ya wavu, juu ya plastiki. Endelea mpaka usikie "ta": pini imekaa mahali pake. Ukitazama kwa mbele, ncha yake ilingane na ya konekta nzima unayoiamini.

Hatua ya 5. Laza wavu juu ya kijibomba, punguza nyuzi zilizozidi, vuta ringi mbele mpaka iguse kichwa. Bana kwa tundu la milimita 5.4, mara moja tu. Kurudia kubana pembeni kidogo huharibu umbo la pembesita ambalo koleo limeipa ringi.

Hatua ya 6. Vuta kwa nguvu ya mkono. Kisha multimita: ncha ya pili ikiwa wazi, pini na kichwa visisomane kabisa. Gusanisha pini na kichwa cha ncha ya pili kwa kipande cha waya. Sasa isome karibu na sifuri. Usipime antena ikiwa imeunganishwa, maana baadhi ya antena husoma shoti kwenye multimita hata zikiwa nzima, na nimewahi kukata konekta mbili nzuri kabla sijaligundua hilo.