Jinsi ya Kukagua Betri ya Gari la Umeme Lililotumika Kabla ya Kulilipia

Anayenunua gari la petroli lililotumika huanza kwa kusikiliza injini, lakini anayenunua la umeme hana cha kusikiliza. Betri, ambayo ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote garini, imefichwa chini ya sakafu, na namba ambayo muuzaji huikimbilia kuionyesha, yaani kilomita zilizobaki kwenye dashibodi, haifai kutegemewa. Kompyuta huikadiria kutokana na mwendo wa siku za karibuni, hivyo gari likiendeshwa taratibu kwa muda, kilomita hupanda ilhali betri ni ileile. Unachotafuta ni afya ya betri: asilimia ya uwezo iliobaki nao, ikilinganishwa na uwezo iliotoka nao kiwandani.

Anza na mwaka na muundo wa gari, kwa sababu betri hailiwi na kilomita pekee. Joto nalo huila, hata gari likiwa limeegeshwa. Uliza kama betri inapozwa kwa maji yanayozunguka ndani yake au inaachiwa hewa tu. Nissan Leaf za mwanzo, zilizoingia sokoni mwishoni mwa 2010 zikiwa na betri ya kilowati-saa 24, hazikuwa na mfumo wa maji, na kufikia 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, Marekani, kwenye joto kali, walikuwa wakilalamika kwamba uwezo unashuka haraka mno. Kampuni ililazimika kutoa dhamana ya uwezo: betri ikishuka chini ya vipimo 9 kati ya 12 vinavyoonyesha uwezo kwenye dashibodi ndani ya miaka 5 au maili 60,000, ingeshughulikiwa. Hivyo vipimo 12 vya pembeni mwa dashibodi visikulaghai, kwani cha kwanza hakizimiki mpaka betri iwe imepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uwezo wake.

Hatua ya pili ni kulipima gari kwa mashine. Mpate fundi mwenye kifaa cha kusomea kompyuta ya gari na programu inayolifahamu gari hilo, naye akutolee mambo mawili: asilimia ya afya, na volti za kila seli. La pili ndilo lenye uzito zaidi. Seli zimeunganishwa kwa mfululizo, kwa hiyo ile dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua gari lizime lini, hata kama nyingine bado zina nguvu. Soma volti hizo chaji ikiwa chini ya asilimia 20, maana katikati ya chaji seli zote hufanana, hasa katika betri za chuma na fosfeti ambazo volti zake karibu hazibadiliki kwa sehemu kubwa ya chaji. Seli moja ikiachwa nyuma sana na wenzake hapo chini, hiyo ni sababu tosha ya kusita.

Asilimia inayotolewa na kompyuta, hata hivyo, ni makadirio, na mara nyingine husogea baada ya programu kusasishwa tu. Njia ninayoiamini zaidi ni ya mita. Chukua gari chaji ikiwa imeshuka, liunganishe kwenye chaja ya kawaida yenye mita, uliache lijae usiku, kisha hesabu uniti, yaani kilowati-saa, zilizoingia. Tuseme betri mpya ya gari hilo ilikuwa na uniti 60 za kutumika, nawe umechaji kutoka asilimia 20 hadi 90 na mita ikasoma uniti 42. Takriban sehemu moja ya kumi hupotea njiani kama joto, kwa hiyo zilizofika kwenye betri ni kama 37.8. Hizo ndizo asilimia 70 ya betri nzima, gawanya 37.8 kwa 0.7, upate 54. Uniti 54 kati ya 60 ni asilimia 90, na kwa gari la miaka mitano hiyo ni betri nzuri. Usipime kwa kuchaji asilimia 10 au 15 tu, kwani kosa dogo la mita litakuwa kubwa mno katika hesabu.

Baada ya hapo, peleka namba ya chesisi kwa mtengenezaji au kwenye mamlaka inayohusika, uulize kama gari liliwahi kuitwa lirudishwe kwa marekebisho. Chevrolet Bolt zote za 2017 hadi 2022 ziliitwa kwa sababu ya hatari ya moto iliyotokana na kasoro za seli kiwandani, na Hyundai nayo iliita Kona za umeme mwaka 2021 kubadilishiwa betri. Usiyakimbie magari haya kwa jina tu: Bolt iliyowekewa betri mpya huenda ikawa bora kuliko gari la umri huohuo lisilo na historia yoyote. Lakini taka karatasi ya kazi iliyofanyika, kwa sababu baadhi hazikubadilishiwa betri, ziliwekewa tu programu ya kuichunguza.

Dhamana ya kawaida ni miaka 8 au kilomita 160,000, kwa afya isiyopungua asilimia 70. Gari likihamishiwa nchi nyingine, mara nyingi dhamana hiyo haivuki nalo.

Betri ikipita, usiamini kwamba gari zima limepita. Uchunguzi wa 2023 wa Consumer Reports, shirika la Marekani la kutetea wanunuzi, uliona magari ya umeme yana matatizo zaidi ya yale ya injini kwa asilimia 79, na matatizo hayo hayakuwa ya betri pekee, bali pia ya vifaa kama mota na mfumo wa kuchaji. Mwaka 2024 Hyundai na Kia ziliita magari yao kadhaa kwa sababu kifaa cha kuchaji kingeweza kuharibika, kikaacha kulisha betri ndogo ya volti 12, na gari likapoteza nguvu barabarani. Jaribu chaji ya polepole na ya haraka, kisha chungulia chini: kifuniko cha betri kilichobonyea ni sababu kubwa ya kusita.

  

Muuzaji akikataa gari lichajiwe usiku mmoja mbele ya mita, hesabu bei kana kwamba betri imebaki na asilimia 70, au mwachie gari lake.