Jinsi ya kumwombea msaada wa ustawi wa jamii mtu mzima mwenye usonji, Dar es Salaam

Anzia ofisi ya serikali ya mtaa anakoishi mhusika. Beba kitambulisho au namba yake ya NIDA na picha ndogo mbili, uombe barua ya utambulisho. Isome kabla hujaondoka: iseme kwamba ni ya kuomba huduma za ustawi wa jamii. Barua isiyotaja shabaha huweza kurudishwa.

Kwa upande wa hospitali, ili apate cheti cha daktari kinachothibitisha usonji, pata rufaa kutoka zahanati au kituo cha afya kwenda kliniki ya afya ya akili, mathalani Amana, Mwananyamala au Temeke. Usonji huanza utotoni, hivyo daktari atauliza alianza kuongea lini na alichezaje na wenzake. Aende na mama, shangazi au yeyote aliyemlea, pamoja na kadi ya kliniki na ripoti za shule kama zipo. Miadi ikiwa mbali, usikae na barua ya maombi ukingoja cheti. Ipeleke, ueleze kuwa rufaa inaendelea.

Barua ya maombi iende kwa Mkurugenzi wa Manispaa (Ilala ni Jiji), ipitie kwa Mtendaji wa Kata, na ielekezwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Hapa ndipo wengi hukwama. Wanaandika "ana usonji, tunaomba msaada", na kwa kuwa wengi huujua usonji kama jambo la watoto, faili linalala. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 haiishii kwa watoto, itaje. Kisha eleza mahitaji yenyewe: "Asipokumbushwa hali kutwa nzima." "Kelele za foleni humfanya akimbie. Tunaomba ahudumiwe asubuhi, akisubiri mahali patulivu." "Mama anayemhudumia ni mzee, hana wa kumpokea." Malizia kwa ombi mahususi, kama vile msamaha wa gharama za matibabu. Akiwa na biashara, ulizia pia mkopo usio na riba kutoka asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri iliyotengwa kwa watu wenye ulemavu.

Mhusika mwenyewe aulizwe anataka nini, hata kama yeye hujibu kwa kuandika au kuonyesha. Maneno yake yaingie kwenye barua kama alivyoyasema.

Toa nakala mbili. Moja ibaki kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa, tarehe na jina la aliyepokea. Bila hiyo, siku ya kufuatilia utaambiwa uandike upya. Rudi nayo baada ya wiki mbili. Ukijibiwa kwa mdomo kwamba haiwezekani, omba jibu la maandishi, kisha mpelekee diwani nakala ya barua yako yenye muhuri na ya jibu hilo.